Maji Yaliyonyooka

Mume aliyekufa ni mume rahisi sana kuishi naye. Hakoromi, hachelewi kurudi, hanung'uniki kwamba chumvi imezidi. Kasoro yake ni moja tu: haondoki.

Bi Atomu alilijua hilo vizuri. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alikuwa mfupi, mviringo kidogo, na hakuna aliyewahi kumwona ametulia mahali. Alifundisha kemia katika maabara ileile aliyofundishia mumewe, na kila alasiri, kengele ikishalia na watoto wakishatawanyika, alibaki humo kufuta ubao na kuzungumza na Marehemu. Msimwone mwehu. Alikuwa akimpa habari za mchana tu: nani kavunja bikari, nani kauliza swali la maana, nani kalala mpaka udenda ukaingia kwenye daftari. Na alijibiwa. Namna gani, hilo angeulizwa hata yeye asingeweza kulieleza, lakini mwanamke aliyelala ubavuni mwa mtu anajua mtu huyo anaposikiliza.

Kwenye dari zilining'inia kazi za mikono ya Marehemu. Zilikuwa molekuli za mbao, mipira aliyoichonga na kuipaka rangi mwenyewe, nyeusi kaboni, nyekundu oksijeni, nyeupe haidrojeni, ikaunganishwa kwa vijiti na kutundikwa kwa uzi mwembamba wa nailoni. Methani ilitanua miguu yake minne kila upande kama paka aliyerushwa. Amonia ilikuwa na mitatu. Hata madirisha yakiwa yamefungwa yote, zilizunguka. Taratibu, nusu mzunguko, kisha zikarudi. Mlinzi wa shule alikuwa akizima taa za jengo zima, lakini za maabara alimwachia Bi Atomu azime mwenyewe. Alisema mgongo unamuuma. Swichi ilikuwa ukutani, usawa wa kifua.

Kati ya molekuli hizo, moja ilikuwa ya uongo, nayo ni ya maji.

Mtoto yeyote aliyesoma kemia kidogo anajua kwamba molekuli ya maji imepinda, oksijeni iko katikati na haidrojeni mbili zimeinamia upande mmoja kama masikio ya sungura. Ya Marehemu ilikuwa imenyooka kama rula. Si kwamba hakujua. Ulikuwa mchezo wake. Kila muhula alitundika molekuli moja iliyokosewa katikati ya zile za kweli, akanyamaza kimya, akafundisha kama hakuna kitu, mpaka atokee mwanafunzi wa kunyoosha kidole: "Mwalimu, ile pale inadanganya." Hapo Marehemu alikuwa akiruka kama kapata mtoto. Alimpandisha huyo mwanafunzi juu ya meza, akampa keekee, akamwachia atoboe tundu jipya panapostahili, darasa zima likipiga makofi. Alisema mtu huliona umbo la kitu siku anapoona limekosewa.

Muhula wake wa mwisho alitundika maji yaliyonyooka. Ijumaa alitoka maabara na kipande cha chaki mfukoni. Jumatatu hakurudi.

Maji yakabaki pale yanangoja kidole. Na vidole vilinyooshwa, msidhani watoto ni wajinga. Ila kila kidole kilipoelekea darini, Bi Atomu alijikuta ana jambo la haraka ubaoni, au anasema, "Tutarudi hapo." Hawakurudi. Maana somo la Marehemu lilikuwa bado halijaisha, na mwalimu mzuri haondoki darasani kabla somo halijaisha.

Ndipo akaja Fundi Kioo.

Aliletwa kuwa fundi wa maabara. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye ncha za vidole zilizoungua mara nyingi hata hakuhisi tena joto la kikombe. Kazi yake ilikuwa kupinda neli za kioo juu ya moto na kuunga zilizovunjika. Siku yake ya kwanza alivuta stuli iliyokuwa karibu na dirisha, akakaa.

"Hapo pana mtu," Bi Atomu alimwambia.

Mtu mwingine angecheka, au angeomba uhamisho. Yeye aliinuka, akatoa leso, akaifuta stuli, akaiambia kwa adabu: "Samahani, kaka. Mimi mgeni."

Bi Atomu aliingia stoo, akasimama katikati ya chupa za asidi, akacheka mpaka akashika rafu. Alipotoka alikuwa amekwisha kupenda. Hakumwambia mtu. Alimwambia Marehemu tu, na siku hiyo Marehemu hakujibu.

Mapenzi yao yalikuwa ya maabara, yaani ya kutazamana juu ya moto. Fundi akipinda kioo, mwalimu akishika saa. Mikono iligusana kwenye kupokezana chupa, ikachelewa kidogo kuachana, basi. Fundi alipomwomba ndoa, alijibiwa "Ngoja." Alingoja. Sasa karakana moja ya vioo, katika mji wa mbali, ilikuwa imemwita kazini, na gari lilikuwa linaondoka kesho asubuhi. Na siku hiyo, kana kwamba yote hayo hayakutosha, mama mkwe wa Bi Atomu, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alikuwa amemwalika Fundi chai.

Alasiri hiyo mvua ilikuwa imeanza. Bi Atomu alitoka kwenye kikao cha walimu, akafungua mlango wa maabara, akamkuta Fundi Kioo amesimama juu ya meza bila viatu, keekee mkononi, vumbi la mbao kwenye nywele.

"Shuka," alimwambia.

"Nashuka. Kwanza tazama juu."

"Nimetazama. Shuka."

Maji yalikuwa yamepinda. Haidrojeni mbili nyeupe zilimwinamia.

"Tangu nije hapa yananikera," Fundi alisema akitafuta viatu kwa mguu, uso wake uking'aa kama mtu aliyeleta zawadi. "Nikasema sitaondoka nikaacha jambo hili likuaibishe. Siku akija mkaguzi je? Lile tundu la zamani nimeliziba. Gundi na vumbi la mbao, nikapaka rangi juu. Hata wewe huwezi kuliona lilipokuwa."

"Umeliziba."

"Limekauka kabisa."

Bi Atomu aliketi. Alikaa kwenye kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, na kitu hicho kilikuwa stuli ya dirishani.

Fundi alimtazama. Akashusha sauti. "Mwalimu. Hapo pana mtu."

"Hapana mtu!" Bi Atomu alipiga kelele mpaka neli zikalia kwenye rafu. "Hapana mtu tena! Umemtoa!"

Kisha akamwambia yote, juu ya mchezo wa muhula, kidole kinachongojwa, chaki ya Ijumaa. Alisema bila kulia, na hilo lilimtisha Fundi kuliko kilio. Alipomaliza, Fundi alikuwa ameshika keekee kama mtu aliyekutwa na kisu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniona nimerukwa na akili."

"Mimi? Mimi niliyeiomba radhi stuli?"

"Alikuwa anangoja mwanafunzi. Si wewe. Mwanafunzi!"

"Wamekuja wangapi?"

Bi Atomu aliinuka, akaanza kufuta ubao uliokuwa safi.

"Mimi nakaa hapo stoo, Mwalimu, ukuta ni mwembamba. Nimewasikia. Kuna yule binti mwenye sauti kama filimbi, aliuliza kabisa, kwa nini yale hayajapinda. Ukamwambia afungue kitabu."

"Usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi. Nakurudishia maneno yako mwenyewe. Ulisema oksijeni ina jozi mbili za elektroni ambazo hazijamshika mtu. Kwenye mfano hazina mpira wala kijiti, ukitazama huoni kitu. Lakini zipo, na zinasukuma, na ndizo zinazoziinamisha zile haidrojeni. Ukasema asiyezikumbuka atadhani maji yamenyooka. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi mimi nikikaa na wewe naisikia hiyo jozi." Alisema polepole, macho yake hayakumwacha. "Sijaiona. Inanisukuma mpaka ukutani. Na sijaichukia hata siku moja, Mungu ananiona, asubuhi naiamkia kabla sijakuamkia wewe. Ila ningependa kujua kama mimi nimeshikwa mahali, au nimening'inia tu."

Mvua ilizidi kwenye bati. Alikuwa karibu, karibu kiasi kwamba Bi Atomu aliona vumbi la mbao ya Marehemu kwenye kope zake, na mkono wake ulinyanyuka wenyewe kwenda kulifuta. Ulifika nusu ya njia. Ukarudi.

"Nenda zako," alisema. "Na nyumbani usije."

"Nimeitwa na mtu mzima, siwezi kukosa. Nitamwambia mimi mwenyewe nilichofanya kwenye kazi ya mwanawe, asisikie kwa watu. Halafu kesho asubuhi naondoka. Ukiwepo kituoni, nitajua. Usipokuwepo, nitajua pia, na sitakuuliza tena."

Alivaa viatu vyake. Mlangoni aligeuka, akaitazama stuli, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuomba radhi, akaufunga, akaondoka.

Bi Atomu alibaki na dari yake.

"Haya," alisema. "Umeona mwenyewe. Unasemaje?"

Methani ilizunguka. Amonia ikafuata. Maji yalikuja polepole, yakamgeukia, yakasimama yamemwinamia hivyohivyo.

"Nisamehe. Nakurudishia sasa hivi."

Alipanda meza. Aliushika mpira mwekundu, akaiweka ncha ya keekee upande uleule lilipozibwa tundu la zamani, akaegemea. Mkono ukakataa. Alijaribu tena, mkono ukakataa tena. Kuuhifadhi uongo wa mtu mwingine ni rahisi, huhitaji kufanya chochote, unautazama tu. Kuutoboa mwenyewe, kwa mkono wako, ukijua, ni kazi nyingine. Alisimama juu ya meza ile muda mrefu, mwanamke mfupi mwenye keekee, akingoja aambiwe jambo. Hakuambiwa kitu. Chumba kilikuwa chumba. Vioo, meza, harufu ya salfa.

Ghafla akakumbuka kwamba Fundi ameshafika kwa mama mkwe. Akashuka mbio hata mwavuli akausahau.

Alipoingia sebuleni akidondosha maji, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, miguu kwenye mto, amemkazia macho mgeni. Mgeni alikaa kwenye ukingo wa kochi, magoti yamepanda karibu na kidevu. Kwenye meza ndogo palikuwa na birika la umeme linalonguruma, na vikombe vinne.

"Afadhali umekuja," mama mkwe alisema. "Huyu mtu wako anasema kampinda mwanangu."

"Maji, Mama," Fundi alisema kwa unyonge. "Nimepinda maji."

"Ya nani?"

"Ya... ya mwanao."

"Ndiyo nilivyosema." Mama mkwe alimgeukia Bi Atomu. "Hebu niambie, huyu ndiye mwizi wa mkaza mwanangu? Nilidhani wezi ni wanene kidogo. Na urefu huu atalala wapi? Kitanda chenyewe kile, hata Marehemu alikuwa anatoa miguu nje."

"Mama, jamani!"

"Nimeuliza habari za kitanda tu. Kaa, unalowesha zulia." Akashika kikombe chake bila kunywa. "Wifi yako kapita hapa asubuhi. Anasema mke wa kaka yake haolewi na mpuliza moto, na kwamba wewe ukitoka humu unamzika kaka yake mara ya pili. Amelia sana. Yule mtoto anajua kulia, tangu mdogo. Mimi sijasema kitu. Nilitaka nimtazame kwanza mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe kafika, hata sukari hajatia, anakiri makosa."

"Mama, hakujua," Bi Atomu alisema, na akajishangaa kwamba anamtetea. "Kila mtu angedhani ni kosa."

"Mwanangu naye alijua kwamba ni kosa?"

"Alijua. Aliliweka makusudi. Alikuwa anangoja mtu aone."

"Na watu waliona?"

Fundi alitazama sakafu. Hakumsaidia, wala hakumchongea.

"Waliona," Bi Atomu alisema.

"Ukawafanyaje?"

"Nikawaambia wafungue kitabu."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono, akamimina chai katika kikombe cha nne, kile cha bluu, akakisogeza mpaka mbele ya kiti kitupu. Alikuwa akifanya hivyo kila jioni tangu msiba. Ndiyo ilikuwa kanuni ya nyumba ile, na hakuna aliyewahi kuizungumza. Anamimina, anaketi kidogo, kisha anatoka uani kuanua nguo. Akirudi, kikombe cha bluu ni kitupu.

Safari hii hakutoka.

"Kinywe basi," alisema.

"Nini, Mama?"

"Kikombe chake. Si huwa unakinywa nikitoka kuanua nguo? Leo mvua, sina nguo ya kuanua. Kinywe hapahapa tukuone wote."

Bi Atomu alihisi damu ikimpanda masikioni. "Ulijua?"

"Mwanangu alikuwa anatia sukari mpaka kijiko kinasimama chenyewe, halafu anaikoroga na kuimaliza. Mimi namtilia vilevile. Huyu anayekuja kunywa siku hizi hakorogi, sukari yote anaiacha chini." Mama mkwe alimkonyeza Fundi. "Mfu gani huyu anaogopa kisukari?"

Fundi alikohoa kwenye ngumi yake. Bi Atomu alifunika uso kwa mikono miwili, na haikujulikana kama mabega yanatikisika kwa kicheko au kwa kitu kingine.

"Sasa kwa nini uliendelea kukiweka?"

"Nilidhani wewe unamhitaji. Nikasema, nikiacha kumtilia, mtoto wa watu atavunjika. Na wewe kwa nini ulikinywa?"

"Nilidhani ukikikuta kimejaa... utaona kwamba hakuja."

Birika lilikuwa linaelekea kuchemka tena, mvuke ukaanza kuchungulia mdomoni mwake. Wanawake hawa wawili walikuwa wamekaa meza moja muda wote huo, kila mmoja akimlishia mwenzake mzuka.

"Hebu nieleze hiyo kemia yenu," mama mkwe alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua mzaha. "Mwanangu alijaribu kunifundisha, nikawa nasinzia. Maji yakipinda kuna nini?"

"Muulize Fundi."

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye mwalimu."

Bi Atomu alivuta pumzi. Alichovya kidole kwenye maji yaliyomwagika juu ya meza. "Yakiwa yamepinda, yanakuwa na pande mbili zisizofanana. Upande wa oksijeni unavuta, upande wa haidrojeni unavutwa. Kwa hiyo kila molekuli inaishika jirani yake. Ndani kuna kifungo cha oksijeni na haidrojeni zake, hicho ni kigumu, hakivunjiki ovyo. Lakini huku nje, baina ya hii na ile, ni kama kushikana mikono tu. Zinashikana, zinaachiana, zinamshika mwingine. Ndiyo maana maji yanakwenda, hayakai kama jiwe." Alisogeza kidole, tone moja likalikaribia jingine, yakarukiana, yakawa moja.

"Na yangekuwa yamenyooka, kama ya mwanangu?"

"Pande zake zingelingana, moja ikifuta nyingine. Yasingeshikana hivi. Yangepaa yote. Tusingekuwa na kisima, Mama. Wala machozi."

"Yangepaa," mama mkwe alirudia. Birika lilichemka, likajizima. Mvuke ulitoka kwa wingi, ukapanda mbele ya uso wake, ukatafuta dirisha. Aliufuata kwa macho. "Kama haya. Haya sasa yamevunjika?"

"Hapana. Ndani hakuna kilichovunjika. Kila moja ni maji yaleyale. Yameachiana mikono tu."

Aliposema hivyo sauti yake ilikatika, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Alikuwa amelisema jambo hilo mbele ya wanafunzi mara nyingi sana, mgongo ameupa darasa, chaki mkononi.

"Ndani hakuna kilichovunjika," mama mkwe alisema.

"Hakuna, Mama."

"Una hakika? Isiwe unanifurahisha kwa kuwa mimi mzee."

"Nina hakika."

Mama mkwe aliutazama mvuke mpaka ukaisha. Alipotazama tena meza, macho yake yalikuwa makavu na makali, kama ya mtu aliyemaliza kufanya mpango.

"Basi mwachie mkono," alisema.

"Mama..."

"Umemshika mno. Umemfungia kwenye maabara inayonuka mayai viza, unampa habari za bikari. Atakwenda wapi, na wewe hujamwachia? Mwachie. Mimi bado ninao wangu. Nimemshika tangu yumo tumboni, hataanguka."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Binti yangu yuko ng'ambo ya barabara. Anapiga kelele, lakini anapika vizuri kuliko wewe, samahani. Tena huyo nitamnyamazisha mimi. Mlango ule, nani apite na nani asipite, naamua mimi." Alielekeza kidole kwa Fundi, aliyekuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama. "Na wewe kaa chini, unanizibia mwanga. Hujachaguliwa bado. Nani kakuambia umechaguliwa?"

Fundi alikaa. Bi Atomu alimtazama, kwa mara ya kwanza bila kuangalia kwanza nyuma ya bega lake. Vumbi lilikuwa bado liko kwenye kope zake, limeloa mvua, limekuwa kama matone madogo ya matope.

"Kesho asubuhi sitakuja kituoni," alisema.

Alimwona akilipokea lile neno, kifua kikipokea, uso ukijitahidi usibadilike.

"Nina kipindi cha kwanza," Bi Atomu aliendelea. "Kuna binti mwenye sauti kama filimbi, nina deni lake la jibu. Nitamwambia alikuwa sahihi, mbele ya wenzake. Siwezi kuondoka hapa na jambo lile. Gari la mchana lipo?"

"Lipo," Fundi alisema kwa shida.

"Basi panda la mchana. Nitakusindikiza mkono kwa mkono, barabara kubwa, wifi akiwa dirishani. Muhula ukifungwa nakufuata. Na usiniulize tena, maana nimeshakujibu mbele ya mama."

Mkono wake ukanyanyuka, na safari hii ukafika. Alimfuta kope moja kwa kidole gumba, kisha ya pili, taratibu, kama anasafisha lenzi. Fundi Kioo, ambaye hakuhisi joto la kitu chochote kwenye vidole, alihisi lile.

"Eti kwa kidole kimoja tu anatetemeka," mama mkwe aliwaambia vikombe. "Hiyo ndoa itamuua."

Bi Atomu alimsindikiza Fundi mpaka lango la nje. Mvua ilikuwa imekatika, barabara inang'aa. Hawakusema mengi. Alimtazama akienda mpaka kona, mrefu, akiruka madimbwi kama mtoto, kisha akarudi nyumbani akiwa na wepesi wa ajabu mwilini, wepesi wa mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea, anayehisi mikono yake inaelea.

Mlango wa sebule ulikuwa umerudishwa. Alikuwa amekwisha kushika kitasa aliposikia sauti ya mama mkwe. Ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, ambayo hakuwahi kuisikia ikitumika kwa mtu mzima. Ilisema jambo kuhusu miguu iliyoloa, jambo kuhusu kukonda. Kisha ikanyamaza muda wa mtu kujibu. Kisha mama mkwe akacheka, kicheko cha kweli, cha mama aliyetaniwa.

Bi Atomu aliondoa mkono kwenye kitasa. Alingoja pale korido, kama mtu anavyongoja wenye nyumba wamalize mazungumzo yao, akilipanga vizuri gauni lake lililoloa. Hakuwa na hofu. Alikuwa na kitu kinachofanana na aibu ya mgeni aliyewahi mno kufika.

Ndani palipotulia, aligonga mlango wa sebule ya nyumba aliyoishi tangu siku aliyoolewa.

"Hodi," alisema.

"Karibu," mama mkwe aliitika. "Tupo."